Kemikali za Nyumbani, Meru na Embu

Katika kaunti za Meru na Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kemikali kali zaidi zinazopatikana nyumbani huwa zimeletwa kwa ajili ya shamba. Chai ya nyanda za juu kwa kawaida haipuliziwi, lakini kahawa, nyanya, maharagwe, miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere hupuliziwa, na chupa iliyobaki nusu hurudi nyumbani pamoja na bomba.

Mahindi ndiyo yenye kisa kirefu. Zamani yalikaa ghalani, nje, juu ya nguzo. Hofu ya wezi imeyaingiza ndani, mara nyingi katika chumba cha kulala. Dawa yake ya unga iliyozoeleka, Actellic Super, ni mchanganyiko wa pirimifosi-methili na pemethrini. Gramu 50 hutosha gunia la kilo 90. Imepata soko kubwa kwa sababu ya dumuzi mkubwa, mdudu wa Amerika ya Kati aliyeonekana Kenya mwaka 1983 huko Taveta, na ambaye wakulima wamembandika jina Osama. Atakayeitumia sharti aichanganyie nje, juu ya turubali, amevaa glavu na amefunika pua. Vidonge vya alumini fosfaidi ni hatari ya namna nyingine kabisa: vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo haina kiuasumu. Nyumba inayolaliwa watu si mahali pake, hata kidonge kimoja.

Mfuko usiopitisha hewa huondoa haja ya dawa hizo zote. Ule uitwao PICS ulitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Purdue na watafiti wa Kameruni, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Una mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Kila mmoja hufungwa peke yake, na wadudu waliomo humaliza oksijeni, huacha kula, kisha hufa. Lakini mahindi lazima yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo hutia punje na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyokauka, akaitikisa na kuiacha itulie kwa muda: chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Hapa pasifanyiwe mchezo. Mahindi mabichi huota kuvu wa aflatoksini, na mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Aliyeacha dawa akahifadhi mahindi yenye unyevu hajajipunguzia chochote.

Miraa na muguka hutafunwa bila kupikwa, kwa hiyo siku za kungoja kati ya kupulizia na kuchuma, zinazoandikwa kwenye kibandiko, zina uzito zaidi kuliko kwa zao linaloingia chunguni. Kibandiko halali hubeba pia namba ya usajili inayoanza na herufi PCPB, za bodi inayodhibiti dawa hizi chini ya sheria ya mwaka 1982. Dawa iliyopimiwa mteja katika chupa ya soda haina lolote kati ya hayo, na mtoto huiona soda. Mtungi uliokwisha husuuzwa mara tatu, maji yake hurudishwa kwenye bomba na kupuliziwa shambani, kisha hutobolewa ili usije ukachotewa maji. Nguo za kupulizia hufuliwa peke yake.

Mbegu za dukani zilizotiwa rangi zina dawa. Kuziosha hakuzifanyi chakula, hata mwaka wa njaa.

Kwa usafi wa nyumba, kosa baya zaidi ni kuchanganya Jik, dawa ya kung'arisha nguo, na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini papo hapo. Mlango ufunguliwe, watu watoke.