Jeraha la Ndizi

Msomaji, ukipita Majengo asubuhi, katika vichochoro vya mtaa wa Pumwani ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920, huenda ukamwona mama amepanga chane za ndizi juu ya gunia, naye azigeuza moja moja. Haangalii ganda; aangalia pale kisu kilipopita. Pakianza kuwa peusi na kuota utandu mweupe, chane hiyo ataiuza kwanza, tena kwa hasara, kwa maana kesho ndizi zitapukutika zenyewe wala hapatakuwa na mnunuzi.

Kuoza huko kwaletwa na kuvu za namna nyingi ziingiazo jerahani. Nawe utastaajabu kusikia kwamba ugonjwa huu ulipata nguvu katika biashara ya dunia wakati watu walipokuwa wakiukimbia ugonjwa mwingine.

Hapo kale ndizi nyingi zilizopelekwa Marekani na Ulaya zilikuwa za aina iitwayo Gros Michel, ambayo Waganda huiita bogoya. Ganda lake ni gumu, basi mikungu ilipakiwa melini mizima. Lakini kuvu ya udongoni, iletayo ugonjwa wa Panama, iliingia mizizini mwa migomba ya Amerika ya Kati, ikaziba njia za maji, na mashamba yakanyauka moja baada ya jingine. Kuvu hiyo hukaa ardhini miongo ya miaka, wala hapakuwa na dawa. Katika miaka ya 1960 makampuni yaliiacha Gros Michel, yakapanda Cavendish, ambayo kuvu ile haikuiweza.

Kumbe ganda la Cavendish ni laini! Mkungu mzima ulichubuka njiani. Ndipo ikawa desturi kuzikata chane kule kule shambani, kuziosha na kuzitia katika masanduku ya karatasi ngumu. Sasa kila chane ilikuwa na jeraha bichi, nalo lilioshwa katika birika moja na chane nyinginezo, hata mbegu za kuvu zilizoelea majini zikapata mlango. Makampuni yakatafuta dawa, na katika miaka hiyo hiyo wakaanza kutumia thiabendazoli.

Mkulima wa kilimo hai hana ruhusa hiyo. Kanuni za Afrika Mashariki za mwaka 2007 zamkataza dawa za namna hiyo. Hana budi kutumia kisu kikali kilicho safi, kubadilisha maji mara kwa mara, na kukata karibu na mkungu ili kikonyo cha chane kibaki kinene. Baridi nayo husaidia, ila ikishuka chini ya nyuzi 13 ganda huwa jeusi. (Madoa meusi ya ndizi mbivu ni habari nyingine: kuvu yake hutua juu ya tunda likiwa bado bichi mgombani, ikangoja kimya mpaka liive.)

Mama wa Majengo hana chumba cha baridi. Kwa hiyo mchuuzi wa jumla akimletea chane zilizokwisha kukatwa, swali lake la kwanza si bei. Humwuliza zilikatwa lini.