Mali, kitu na kipeo: Aljebra katika Kiswahili

Husemwa mara nyingi, hata na walimu, kwamba Kiswahili hakina maneno ya aljebra. Kwamba mwanafunzi wa Malindi au Kilifi hana budi kuiingia kwa mlango wa Kiingereza. Historia ya maneno yenyewe yasema vingine.

Katika karne ya 9, mjini Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho anwani yake ilibeba maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. La kwanza ni kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Katika hesabu, ni kukirejesha kilichopunguzwa upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Hilo ndilo lililozaa 'aljebra'. La pili ni kuzikabilisha pande mbili na kuondoa kinacholingana huku na huku. Mzizi wake tunao mdomoni kila siku: duka liko mkabala na msikiti.

Wala hakuandika kwa ajili ya mtihani. Sehemu kubwa ya kitabu yahusu wasia na mirathi, na hapo ndipo mtu wa Mambrui anapojikuta nyumbani. Hebu chukua marehemu aliyeacha minazi 32, mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Kwa sheria ya Kiislamu mke ana thumni, yaani minazi 4. Inabaki 28, na fungu la mwana ni mara mbili ya la binti. Fungu la binti hulijui, liite 'kitu'. Kitu na kitu na vitu viwili ni vitu vinne. Vitu vinne ni minazi 28, basi kitu ni 7. Kila binti achukue 7, mwana 14. Huo ni mlinganyo kamili, na hatujaandika herufi hata moja.

Al-Khwarizmi naye hakuziandika. Kisichojulikana alikiita shay, yaani kitu hasa, au mzizi. Kikizidishwa kwa chenyewe alikiita mal. Naam, mali, neno lilelile letu!

Sasa litazame swali lake mashuhuri: mali moja pamoja na mizizi 10 ni sawa na 39, mzizi ni ngapi? Piga picha ya shamba la mraba usilojua upande wake. Ongeza ukanda wa upana wa hatua 5 mashariki, na mwingine wa hatua 5 kusini. Kanda hizo mbili ndizo ile mizizi 10. Jumla una hatua za mraba 39, lakini pembeni pamebaki pengo la 5 kwa 5. Lizibe: 39 na 25 ni 64. Shamba limekuwa mraba wa 8 kwa 8. Toa zile 5, upande wa awali ni 3. Hakiki mwenyewe: 9 na 30 ni 39.

Kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1145, na Mfaransa René Descartes akatumia x kwa kisichojulikana mwaka 1637. Aljebra ilikuwa imeishi karne nane bila hiyo x inayowatoa watoto wetu jasho.

Istilahi za leo zilipata nguvu Tanzania, ambako Kiswahili ni lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967. 'Chanya' na 'hasi' zimetoka darasani hadi kwenye taarifa za habari. Inayonifurahisha zaidi ni jozi ya 'kipeo' na 'kipeuo'. Kipeo cha pili cha 8 ni 64. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8. Tazama kile kijisauti u kilichopenya katikati: ni mtindo uleule wa funga na fungua, ziba na zibua. Sarufi yetu yenyewe imesema kwamba tendo la pili latengua la kwanza. Kiingereza, kwa maneno yake ya jozi hiyo, hakikuambii hivyo.

'Polinomia' je? Wapo wanaoibeza kuwa ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Mimi sina ugomvi nayo. Neno la Kiingereza nalo ni kiraka cha Kigiriki na Kilatini, na hakuna anayelicheka. Kinachonikera ni mwalimu kumwambia mtoto kwamba 2x² na 3x 'haziungani', basi, kariri hivyo. Amwambie kwa maneno ya al-Khwarizmi, ambayo mtoto wa Ganze anayaelewa: mali 2 na vitu 3, ongeza mali 4 na kitu 1, upate mali 6 na vitu 4. Mali huhesabiwa na mali, vitu na vitu. Kisha amchoree lile shamba: mali ni mraba wenyewe, kitu ni ukanda wa upana wa hatua moja ubavuni mwake. Hadi upande ujulikane, mraba na ukanda havina hesabu moja.