Hatulali

Nembo ilitangulia, maana ikafuata. Mdogo wangu alinitumia picha saa nne usiku: kichwa cha simba cha rangi ya dhahabu, nyota tatu juu yake, na chini neno moja kwa herufi kubwa, HATULALI. Ujumbe uliofuata ulikuwa mfupi: "Dada, wewe si unasoma historia? Tuandikie maana yake. Mwisho kesho saa sita mchana."

Timu yao ya gemu za simu ina vijana watano. Duka moja la vifaa vya simu lilikuwa linatafuta timu ya kudhamini, na fomu yake ilitaka timu ieleze historia na maana ya nembo na kaulimbiu yake. Mshindi angepewa simu mbili mpya na bando la miezi sita. Kwa vijana wanaopokezana simu zenye vioo vilivyopasuka, hilo halikuwa jambo dogo.

Nikamuuliza simba ametoka wapi. "Kwenye programu ya kutengeneza nembo. Alikuwa wa bure." Na nyota? "Zilikuja naye. Kuzitoa mpaka ulipie."

Nilicheka, kisha nikaandika. Nyota tatu zikawa nidhamu, umoja na uthubutu. Simba akawa ulinzi wa nyumbani. Nilipofika kwenye neno Hatulali, nikalitafutia mababu. Niliandika kwamba limetokana na walinzi wa ngome ya Mkwawa kule Kalenga, waliokesha ukutani wakiitana kwa neno hilo hadi alfajiri. Sikuwa na chanzo chochote. Hata lugha ilinisuta: walinzi hao wangeitana kwa Kihehe. Nilibuni yote nikiwa kitandani, kwa nusu saa, na mdogo wangu akajibu kwa vikaragosi vya moto.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia. Muhula huo huo nilikuwa nimewasilisha darasani kitabu cha mwaka 1983 kilichohaririwa na Eric Hobsbawm na Terence Ranger kuhusu mila zilizobuniwa. Ranger, ambaye alifundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, anaonyesha humo jinsi mengi yaliyoitwa desturi za kale za Kiafrika yalivyoundwa wakati wa ukoloni, na maofisa na wamisionari, lakini pia na wazee na vijana wetu wenyewe waliokuwa na maslahi yao. Nilikuwa nimezungumza kwa dakika ishirini, kwa ukali kidogo, kuhusu watu wanaojitungia jana.

Nilijitetea kwamba kila mtu hufanya hivyo. Chukua pete za Olimpiki. Pierre de Coubertin alizibuni mwaka 1913. Pete tano zilikusudiwa kuwa sehemu tano za dunia zilizoungana, lakini rangi zilikuwa na kazi nyingine: zile tano, pamoja na nyeupe ya kitambaa, zilitosha kuchora bendera za mataifa yote yaliyoshiriki wakati huo. Baadaye zikaja tafsiri kwamba kila rangi ni bara lake, nyeusi ikiwa Afrika, na kwa muda hata vitabu rasmi vya Olimpiki vilisema hivyo. Maelezo hayo yaliondolewa kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba Coubertin alikusudia hivyo. Lakini mimi nilifundishwa hivyo hivyo shule ya msingi, na nikapata vema.

Hapa kwetu upo mfano wa kinyume. Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alizungumza juu ya kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya mlima Kilimanjaro. Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akafikisha mwenge na bendera kileleni, na leo mwenge umo katika nembo ya taifa. Hapo neno lilitangulia picha. Mtoto akiuliza kwa nini mwenge, anaweza kuonyeshwa nani alisema, wapi na lini. Simba wetu alikuwa na jibu moja tu la kweli: alikuwa wa bure.

Wiki mbili baadaye timu ilichaguliwa kwenda kujieleza mbele ya mdhamini, na kijana mmoja, mwenyeji wa Iringa, akapewa kazi ya kusema habari za nembo. Alinipigia jioni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mmejiandaa?"

Alisema amemsomea babu yake maneno yangu kwa simu. Babu alikuwa na maswali mawili. La kwanza: mbona Kalenga ilianguka? Wajerumani waliiteka ngome ile Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwashinda Lugalo. Inakuwaje kukesha kwake kuwe mfano wa kushinda? La pili ndilo lililoniondolea usingizi. Babu alisema hajawahi kusikia habari za mwito huo wa walinzi. Kijana akamwambia aliyeandika ni dada wa chuo kikuu. Babu akanyamaza kidogo, halafu akasema: labda nimesahau.

"Kwa hiyo dada, ulilitoa wapi?"

Nilimwambia ukweli. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza tangu usiku ule: nyinyi wenyewe neno hili mlilitoa wapi?

Akacheka. Walipoanza walikuwa wanne na simu mbili. Mchana bando lilikuwa ghali, la usiku rahisi, kwa hiyo walikutana saa sita usiku kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga chipsi, maana pana taa. Mama akija alfajiri kuwasha jiko aliwakuta bado wameinama kwenye vioo. "Nyie hamlali?" Wakajibu kwa pamoja. Mmoja wao alitoka hapo moja kwa moja kwenda sokoni kushusha mizigo. Kwenye fomu hawakuandika, kwa sababu, alisema, hiyo siyo historia.

Niliandika upya usiku huo: benchi, taa, bando, swali la mama na jibu lao. Kuhusu nyota niliandika kwamba zilikuja na picha. Mdogo wangu alikasirika. "Dada, utatukosesha simu."

Kweli walizikosa. Timu iliyoshinda ilikuwa na tai, na tai yao ilimaanisha kuona mbali. Mdogo wangu hakunisemesha wiki nzima, nami sina hakika kama maandishi yangu ya kwanza yasingewapa ushindi.

Niliomba namba ya babu. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba habari ya walinzi niliitunga mimi, haikusimuliwa na mtu yeyote, na nikamwomba radhi. Alikaa kimya kiasi kwamba nilitazama kama simu imekatika.

"Kwa hiyo," akasema, "sikuwa nimesahau."