UUGUZI NI AMANA: SOMO KUTOKA WAJIR

Pengine wewe ni mwanafunzi wa uuguzi pale KMTC Garissa, au una dada anayesomea kazi hiyo. Kudunga sindano na kufunga kidonda mtafundishwa. Je, kumheshimu mgonjwa? Hebu tuangalie historia.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), Saad bin Muadh alipojeruhiwa alipelekwa kwenye hema la Bi. Rufaida al-Aslamiyya, Madina. Yasimuliwa kwamba bibi huyu aliwafunza wanawake wenzake kuuguza. Cheti hakikuwepo, walijifunza kwa kumtazama.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1969 alifika Kenya mwanamke Mtaliano, Annalena Tonelli. Hakuwa Muislamu, na alikuwa amesomea sheria, si udaktari. Wajir aliwakuta wafugaji wakiugua kifua kikuu. Matibabu ya siku zile yalichukua mwaka au zaidi. Mfugaji atakaaje wodini muda wote huo, na ngamia wanahama? Akiacha dawa, ni rahisi kumwita mkaidi.

Tonelli hakumwita hivyo. Kuanzia 1976 wagonjwa walikaa kwenye manyatta zao karibu na mji kwa miezi sita, wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu kama huo duniani.

Februari 1984, baada ya mauaji ya Wagalla, alisaidia kukusanya majeruhi na miili, na hakunyamaza. Ilimgharimu: ilibidi aondoke Kenya. Akaendelea kutibu wagonjwa upande wa pili wa mpaka, hadi alipouawa kwa risasi Borama, tarehe 5 Oktoba 2003.

Ndugu yangu, unaona? Maadili ya uuguzi hayakai kwenye daftari la mtihani. Mwezi huu atakuja mzee wa kifua kikuu, anaona haya kwamba hafungi. Dini imempa ruhusa, lakini watu wana macho. Ukitaja ugonjwa wake kwa sauti, kesho haji, na watoto wake wataambukizwa. Ukimvuta pembeni ukaongea naye polepole, umeokoa nyumba nzima.

Nanyi walimu, mwanafunzi anawatazama mnavyomsemesha mgonjwa maskini. Hilo ndilo somo atakaloondoka nalo.

Wabillahi tawfiq.