Glasi ya Liuli na Ngoma ya Mganda



Waairishi, ambao kinywaji chao cha wiski kimepata jina lake kutokana na maneno yenye maana ya "maji ya uzima", husifika kwa kuketi jioni katika vilabu vyao vya kale, wakinywa na kupiga muziki wa mababu. Nasi tuna jioni zetu. Juma hili napenda tukumbuke kisa kimoja cha ufukwe wetu, kinachohusu kinywaji, urafiki na ngoma.

Ukiteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kisha ukafuata ufuko kuelekea kaskazini, utafika Liuli, penye jiwe kubwa liitwalo Pomonda. Wajerumani waliliona kuwa linafanana na Sphinx ya Misri, wakapaita mahali hapo Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx. Hapo ndipo ilipotia nanga meli yao, Hermann von Wissmann, iliyojengwa kwa michango iliyokusanywa Ujerumani ili kupinga biashara ya utumwa. Waingereza nao, upande wa pili wa ziwa, walikuwa na manowari yao, Gwendolen.

Nahodha wa Kijerumani aliitwa Berndt, na yule wa Kiingereza Rhoades. Walikuwa marafiki. Kila walipokutana, husimuliwa, walikunywa pamoja, kama wafanyavyo watu wawili wa kazi moja wanaoishi mbali na kwao.

Katikati ya Agosti 1914, habari za vita zilimfikia Rhoades kabla ya Berndt. Kwa amri ya wakubwa wake, aliipeleka Gwendolen hadi Liuli, akaikuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mzinga. Husimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua ndogo, akapiga makasia kwa hasira hadi kwenye manowari, akamwuliza mwenzake kama amelewa. Akajibiwa kwamba nchi zao zina vita na kwamba yeye sasa ni mateka.

Waandishi wengi hukitaja kisa hiki kwa kicheko, nami nakiri kwamba hucheka. Lakini swali la Berndt lastahili kufikiriwa. Hakuweza kuwaza sababu nyingine ya rafiki kumfyatulia rafiki mzinga isipokuwa pombe. Kumbe Rhoades alikuwa na akili zake timamu. Waliolewa ni mataifa, na ulevi wao haukutoka katika chupa. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia: katika vita hivyo vya Afrika Mashariki wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, wakibeba mizigo ya ugomvi usiokuwa wao.

Sasa tazameni walichokifanya waliosalia. Walikuwa wameona gwaride, safu, vyeo na matarumbeta. Kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuenea ngoma ya beni, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliitungia kitabu mwaka 1975. Kandokando ya Ziwa Nyasa ilizaa mganda, ambao ng'ambo, Malawi, wengine huuita malipenga. Wanaume hujipanga kwa safu, wakipiga hatua za askari kwa mdundo wa ngoma kubwa, na vibuyu vyenye utando vikilia mahali pa tarumbeta. Kuna viongozi wenye vyeo vya kijeshi, ila hakuna bunduki. Kijiji hukialika kijiji kingine, wageni hulishwa, pombe ya nafaka hutolewa, na ushindani huishia kwenye vigelegele. Akina mama nao wana kioda chao.

Wazee wetu, basi, walichukua ufundi wa kuua wakaufanya kuwa adabu ya kupokea wageni. Sijui hekima kubwa kuliko hiyo katika historia ya ufukwe huu.

Nasema haya kwa sababu msimu wa kahawa ukifika, vilabu vya Mbinga hujaa. Pombe ya zamani ilikuwa na mahali pake: ilifuata kazi ya kulima pamoja, ilifuata arusi, ilimpokea mgeni. Leo mwingine hunywa peke yake katikati ya umati, hadi fedha ya mwaka mzima iishe, na nyumbani mama anahesabu ada ya shule isiyokuwapo. Huyo hajakosa kinywaji, amekosa ngoma, yaani wenzake wa kumtambua na kumwambia, "Ndugu, inatosha, twende nyumbani."

Glasi peke yake haikuulinda urafiki wa manahodha wale wawili. Kinachoulinda urafiki ni yale tunayotendeana glasi ikiisha kuwekwa chini. Basi, mnapoketi jioni, ketini kama wacheza mganda: safu moja, kila mmoja akimwangalia jirani yake asipotee hatua.

Nawatakia juma jema.