Königsberg, Prusia na Delta ya Rufiji: Juu ya Kutaja Mahali

Kila aandikaye habari za Vita Kuu ya Kwanza katika Rufiji hana budi kutaja mji ulio mbali sana na mikoko ya delta. Manowari ya Kijerumani iliyojificha humo baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915, iliitwa Königsberg. (Neno manowari lenyewe ni la Kiingereza lililokwisha vaa kanzu zamani.) Mfasiri akiutafuta mji huo katika ramani ya leo hatauona. Upo, lakini unaitwa Kaliningrad, nao umo katika Urusi.

Königsberg maana yake ni mlima wa mfalme. Ngome yenye jina hilo ilijengwa mwaka 1255 na wapiganaji wa chama cha kidini cha Kijerumani, kwa heshima ya Ottokar II, mfalme wa Bohemia, katika nchi waliyokuwa wakiiteka. Wenyeji walikuwa Waprusia, watu wenye lugha iliyo jamaa ya Kilithuania na Kilatvia. Lugha yao ilikufa mwanzoni mwa karne ya 18. Jina lao halikufa, bali lilitwaliwa na waliowashinda. Na mwaka 1701 mtawala wa Brandenburg alijivika taji mjini Königsberg akawa mfalme katika Prusia. Tangu hapo aliyetaja Mprusia alimkusudia askari wa Berlin. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, Prusia ya Mashariki iligawanywa kati ya Umoja wa Kisovyeti na Poland. Mji ukapewa jina la Kalinin mwaka 1946, na mwaka uliofuata madola yaliyoshinda yakaifuta rasmi dola ya Prusia. Wapoland huuita mji huo Królewiec, na mwaka 2023 tume yao ya majina ya kijiografia ilipendekeza jina hilo litumike badala ya Kaliningrad.

Kwa maoni yetu, mahali patajwe kwa jina la mwaka unaozungumzwa. Kant alizaliwa Königsberg mwaka 1724. Amwandikaye kuwa mzaliwa wa Kaliningrad anampa mji ambao haukuwa na jina hilo. Wala neno Prusia peke yake halitoshi: tuseme Waprusia wa Kale kwa wenyeji, Ufalme wa Prusia kwa dola, na Prusia ya Mashariki kwa jimbo.

Tusidhani kuwa mambo haya ni ya Ulaya tu. Sensa ya 2012 iliihesabu Rufiji kuwa wilaya moja. Ile ya 2022 ilihesabu Kibiti peke yake. Salale na Mbuchi, zilizo katika delta, ziko Kibiti, na Utete imebaki makao makuu ya Rufiji. Hivyo delta ya Rufiji haimo katika Wilaya ya Rufiji, na barua ya Salale inayopelekwa Utete kwa kufuata jina tu imekwenda pasipo pake. Jina Warufiji nalo, lililotokana na mto, mara nyingi hutumiwa na wageni kuwafunika Wandengereko na Wanyagatwa, ambao wana majina yao. Katika vitabu vya shule tungependelea iandikwe "delta ya Mto Rufiji, Wilaya ya Kibiti", na neno Mto lisiachwe.