Kafeini: kutoka jicho la paka hadi tumbo la mbwa wako

Mwaka 1819, mjini Jena, Ujerumani, kijana Friedlieb Ferdinand Runge alimwonyesha mshairi Goethe jinsi maji ya mmea wa beladona yanavyopanua mboni ya jicho la paka. Goethe akavutiwa, akampa buni azichunguze. Humo Runge akapata kafeini.

Miaka 50 baadaye, 1869, Matthiessen na Wright wa London wakatengeneza apomofini kutokana na mofini. Dawa hiyo hutapisha, na mpaka leo madaktari wa mifugo huwachoma mbwa sindano yake.

Sasa hadithi hizi mbili zinakutana jikoni kwako. Mbwa kala kahawa? Usingoje aanze kutetemeka. Dalili huanza kwenye miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya uzito. Kwenye 60, degedege. Hebu piga hesabu: mbwa wa kilo 5 anatosheka na miligramu 100, kikombe kimoja tu kizito! Mpigie daktari haraka, mwambie kala nini, kiasi gani, saa ngapi. Chumvi usimnyweshe, nayo ni sumu. Kutapisha husaidia mapema tu. Kafeini ikishaingia kwenye damu, tumbo tupu halitamwokoa.